Pastrami ya Kesho

Mimi ni mkalimani wa hospitali, na watu wote wanaonijua hapa Fridley, Marekani, wanajua nina mdomo. Nikianza kusema sinyamazi, na ukiniona nimenyamaza ujue kuna jambo. Hili la shangazi yangu Bimkubwa nimelinyamazia tangu Aprili, na sasa nimechoka nalo. Kila ikifika saa sita mchana nasikia harufu ya nyama, pilipili manga na moshi, nikiwa kazini, nikiwa kwenye gari, hata nikiwa msalani. Hakuna anayepika. Nimewauliza wenzangu mpaka wameanza kunitazama vibaya.

Shangazi ni mtu wa Kibokoni, Mombasa. Alifiwa na mume mapema, akauza mahamri na mbaazi mlangoni kwake miaka kumi na minane, na watoto hakujaaliwa. Baba yangu, nduguye, ndiye aliyemwita huku. Baba alipofariki tukabaki wawili katika nyumba ya vyumba viwili, yeye na Kiingereza chake cha jikoni, mimi na vyeti vyangu ukutani. Akapata kazi ya kutunza wazee majumbani. Usiidharau kazi hiyo. Ni kuosha, kuvisha, kulisha, na kumnyanyua mtu mzima kitandani ukiwa nawe una miaka sitini na miwili na goti bovu. Theluji ianguke isianguke, hakuwahi kuchelewa.

Mwaka juzi ejensi ilimpeleka Saint Paul kwa Bi Lois, mama wa Kiyahudi wa miaka tisini na moja. Akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu, ila kiharusi kilikuwa kimemlegeza koo. Kila alichokula kilipitia kwenye blenda kikawa uji, na karatasi iliyobandikwa kwenye friji ilisema hivyo kwa wino mwekundu. Siku moja aliiba kipande cha mkate akapaliwa, midomo ikageuka rangi. Shangazi alimpiga mgongoni huku akisoma kila sura aliyoihifadhi, mpaka kile kipande kikatoka. Baada ya hapo mchezo ukaisha. Kumpa Bi Lois kitu cha kutafuna kulikuwa sawa na kumuua.

Na Bi Lois, katika dunia nzima hii na vilivyomo, alitaka kitu kimoja tu: sandwichi ya pastrami.

Baba yake alikuwa na deli kaskazini mwa Minneapolis, zamani, wakati Wayahudi walipokuwa wengi upande ule. Ni duka la vyakula vyao, lenye kaunta ya vioo na meza chache za watu kula. Nyama ya kifua cha ng'ombe ililala kwenye maji ya chumvi siku kadha wa kadha, ikapakwa giligilani na pilipili manga za kupondwa, ikafukizwa moshi, halafu ikaiva kwa mvuke mpaka ikawa haina ubishi. Baba hakutumia mashine. Alikata kwa kisu, ingali moto, akairundika kati ya vipande viwili vya mkate mweusi wenye mbegu zinazofanana na bizari nyembamba, akapaka haradali, basi. Pembeni tango la achari. Ijumaa kulikuwa na supu ya kuku yenye madonge ya unga, na Bi Lois, mtoto wa miaka saba, alikaa juu ya kreti la soda nyuma ya kaunta akila vile vipande vya pembeni vilivyoungua kidogo, ambavyo baba alimwekea yeye peke yake. Alisimulia hayo kila siku, na kila siku alifumba macho akifika kwenye vile vipande vya pembeni.

Mara ya kwanza kuonyeshwa picha ya ile nyama nyekundu, shangazi alidhani ni nguruwe. Akasema kwa heshima kwamba kwao hailiwi. Bi Lois alicheka mpaka nusura apaliwe tena: hata kwao Wayahudi hailiwi! Tangu siku hiyo wakawa mtu na dada yake. Mmoja alieleza pastrami, mwingine akaeleza mkate wa mofa, na mbele yao bakuli la uji wa karoti likipoa.

Sasa sikiliza kosa liliingilia wapi. Kwetu mkubwa hakataliwi usoni. Mtu wa rika la mama yako akikuomba usichoweza, unamwambia, "Kesho, inshallah." Naye anaelewa kwamba ndiyo basi, heshima imekaa mahali pake, na mnazungumza mengine. Hakuna aliyedanganya wala aliyedanganywa. Basi Bi Lois alipoomba pastrami, mwezi wa Agosti, shangazi akamjibu hivyo hivyo, kesho, inshallah, na roho yake nyeupe kabisa. Lakini Bi Lois hakulelewa Kibokoni. Alisikia kesho, akaingoja kesho.

Mimi niligundua hayo mwezi wa Ramadhani. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa ameahirisha miadi, nikaenda kumchukua shangazi mapema, nikafika saa sita. Nikamkuta Bi Lois mezani, kavaa gauni la kutokea na rangi ya mdomo. Mbele yake kulikuwa na sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, ya deli ya baba yake, kitambaa kimekunjwa vizuri, na chupa ya haradali. Aliniambia alifikiri ni leo, lakini si neno, shangazi yako ananiletea kesho. Nikamuuliza anangoja tangu lini. Akasema tangu Agosti, na wala hakununa.

Ndani ya gari nilifoka. Mungu anisamehe, maana shangazi alikuwa amefunga na mimi nilimfokea kama mtoto. Nilimwambia hii ni Marekani, mtu mzima huambiwa ukweli wake, hata ugonjwa wa kufa daktari humwambia, na mimi ndiye ninayetafsiri, najua. Tulikuwa tunavuka mto shangazi aliponijibu.

"Yule anangoja, Nasima," akasema. "Anayengoja humwondoi kitini."

Ningemsikiliza wakati ule! Badala yake nikatoa silaha kubwa. Nikamwambia msema kweli mpenzi wa Mungu, na yeye analitia jina la Mungu ndani ya uongo, tena mwezi mtukufu. Hapo niliona bega lake limeshuka. Hakubishana tena. Aliniomba tu, Idi ikipita, niende naye nikamfasirie, maana Kiingereza chake hakikutosha jambo zito namna hiyo.

Tulikwenda. Bi Lois alikuwa mezani na sahani yake. Shangazi akapiga goti lake lile bovu, akamshika mikono, akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Mwambie, Bi Lois dada yangu, nilichotaka kukupa kimenishinda. Koo lako ni amana niliyopewa. Nisamehe kwa kila kesho niliyokwambia. Mungu akipenda, tutakula pamoja huko kusiko na kupaliwa."

Sisi wakalimani tuna sheria moja: usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Nimekula kiapo kwa hilo. Na siku ile, kwa haraka zangu, na kwa kuona haya kwamba shangazi yangu amepiga magoti, nikamwambia Bi Lois, "Anasema daktari amekataa. Hutakula pastrami tena."

Hivyo tu. Mkalimani mzima mimi, mwenye vyeti ukutani.

Bi Lois alitikisa kichwa kidogo. Akanishukuru mimi, si shangazi, kwa kumwambia wazi. Kisha akamwomba shangazi airudishe ile sahani kwenye rafu ya juu, na shangazi akapanda kistuli akairudisha. Siku zilizofuata hakuvaa gauni wala hakupaka rangi. Alikula vijiko viwili, akasema ameshiba. Siku ya tano shangazi alifungua mlango asubuhi akamkuta kitandani, amekwisha poa. Daktari alisema ni moyo, na kwa umri ule, ajabu ni kwamba ulidumu hivyo.

Ndipo kelele ikaanza nyumbani kwetu. Ilikuwa siku mbili baada ya msiba, tuko jikoni, saa sita mchana, jua jeupe dirishani. Shangazi akainua mkono. Akaniuliza kama nimesikia. Ilikuwa sauti ya sahani ikiwekwa juu ya meza ya mbao, pole pole, na mtu anayejali. Nikasema ni watu wa ghorofa ya juu. Yeye akasema haya. Nyumba ya juu yetu haina mtu tangu Desemba, na sote wawili tunajua.

Wayahudi hukaa matanga siku saba. Tulikwenda Woodbury, kwa Eric, mwana wa Bi Lois, mtu wa miaka sitini na ushee mwenye macho ya mama yake. Vioo vyote vilikuwa vimefunikwa shuka, wafiwa wamekaa kwenye viti vya chini, ndiyo desturi yao. Na mezani, lahaula! Watu walikuwa wameleta sinia kwa sinia kutoka deli. Pastrami imelala mistari mistari, mikate, matango ya achari, samaki, supu kwenye sufuria kubwa. Ile harufu ndiyo inayonifuata hadi leo. Shangazi alisimama mbele ya meza ile. Miezi minane mtu ameomba kipande kimoja, na sasa amekufa, kimejaa sinia.

Eric alikuwa ameleta vyombo vya mama yake, na sahani ya buluu ilikuwa miongoni mwao. Shangazi hakumuuliza mtu. Akaichukua, akatandika mkate, akairundika nyama kwa vidole vyake, akachagua vile vipande vya pembeni, akapaka haradali, akaweka tango. Kila kitu kama alivyosimuliwa. Kisha akaiweka mezani mbele ya kiti kisicho na mtu.

"Leo, Bi Lois," akasema.

Eric akaangua kilio. Alipopata pumzi akanijia mimi, akisema kwa haraka na sauti imekwama, nami nikasikiliza kama nisikilizavyo kazini, neno kwa neno. Alisema Julai madaktari walimpa mama yake wiki tatu. Kila Jumapili alimpigia simu, na kila Jumapili mama alimjibu, "Siwezi kufa wiki hii, kesho nina mwaliko wa chakula." Lilikuwa jambo lao la kuchekea. Lakini Jumapili ya mwisho alipompigia, mama alisema, "Kesho sina mwaliko tena." Eric hakuelewa kwa nini. Akaniomba nimshukuru shangazi, mwenye mwaliko ule, kwa miezi minane aliyomwongezea mama yake. Akanishika mkono, akaniomba nimfasirie yote.

Shangazi alikuwa amesimama pale, haradali kidoleni, ananitazama.

"Asemaje?"

"Anasema mama yake alikupenda sana," nikasema. "Anakushukuru."

Shangazi akamtazama Eric, akanitazama mimi.

"Maneno yote yale, Nasima, na tafsiri yake ndogo hivyo?"

Nilijiambia namhifadhi yeye, asije akabeba ile Jumapili ya mwisho. Uongo. Nilijihifadhi mimi. Niliyemshurutisha kusema ni mimi, na ulimi uliosema ni wangu.

"Mengine nitakwambia kesho, shangazi," nikasema. "Inshallah."

Sura yake haikubadilika. Lakini yeye amelelewa Kibokoni, anajua maneno hayo maana yake nini. Akafuta kidole kwenye kitambaa, akasema haya, mwanangu.

Eric alimpa ile sahani aondoke nayo. Iko kwetu sasa, juu ya kabati. Siku zangu za mapumziko, ikifika saa sita, shangazi huishusha, huifuta, akaiweka mbele ya kiti changu bila kitu ndani yake. Kisha huketi upande wa pili, mikono mapajani. Hajaniuliza tena hata mara moja. Miezi imepita, na bado anakaa pale mpaka saa saba ndipo anaiondoa.