Singo la Bi Wanu

Bi Wanu wa Ng'ambo ni somo, mfundaji wa wari. Mabibi harusi wa mtaani wote amewasinga yeye. Watu walijua singo lake la kuwasugulia mwili ni mawaridi, yasmini na liwa. Tyubu ya dawa ya ngozi aliyokuwa akiikamulia humo ili wang'are upesi, aliijua peke yake.

Leo kamsindikiza kwa daktari mwari wake Ulfat, aliyemsinga miezi miwili. Uso umemvimba, mapaja yamechanika michirizi myekundu.

"Hizi ni dalili za steroidi, zile dawa kali za ngozi," daktari alisema. "Ini lina vimeng'enya vya kuzivunjavunja, kama linavyovunja sumu nyingine, zikatoka kwa mkojo. Lakini ukijipaka kila siku, zinaingia nyingi kuliko linavyomudu. Umepaka nini?"

"Singo tu, la somo wangu."

"Maua matupu," Bi Wanu akadakia. Muongo mkubwa!

Daktari akaitazama mikono ya Bi Wanu iliyochanganya singo miaka yote: ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Somo wangu hawezi kunidhuru," Ulfat akasema, akamshika mkono mmoja.

Kwa ule mwingine, Bi Wanu akafungua fundo la kanga, akaitoa tyubu.

Ulfat alikuwa bado hajamwachia.