Kungwi wa Shakwe

Wapwa zangu, hii nawapa bure, na mkikataa kuiamini sitawalaumu. Hata mimi, mwenye macho ya kumwona siafu akipiga miayo, nilibisha mwanzoni.

Mama yenu mkubwa Mwanamkuu, mzaliwa wa Kibuta kule Kisarawe, aliolewa upande wa Mlandizi, na vijiji vya Ujamaa vilipokuja akajikuta karibu na mto Ruvu. Alikuwa kungwi. Msichana akiwekwa ndani miezi, akanenepa, akatakata, siku ya kutolewa nje hata baba yake mzazi alikuwa akiuliza, "Huyu wa nani?" Mwanamkuu hakuuliza. "Mimi sitazami nguo wala ngozi," alikuwa akisema. "Natazama anavyokanyaga."

Mchana alikuwa akipasua kambare kwenye chanja za kijiji za kukaushia samaki. Kila baada ya vuli, madimbwi ya Ruvu yakijaa, shakwe walipanda kutoka pwani. Walikuwapo wadogo wenye miguu myekundu. Walikuwapo wakubwa weupe wenye mgongo wa kijivu, wakubwa wa kahawia kama waliogaragazwa topeni, na wengine madoadoa. Watu wakasema haya ni makabila manne. Wale wa kahawia ndio waliokwapua samaki kuliko wote, basi Mwenyekiti wa kijiji, Mwinyimadi, akaamua kuwategea sumu. Weupe waachwe, alisema, hao wageni wa heri.

"Utaua watoto wa hao hao wageni wako," Mwanamkuu akamwambia, kisu kingali ndani ya kambare.

"Shikamoo, kungwi."

"Marahaba. Usinizuge na shikamoo."

"Ama wali wa kuwekwa ndani wamekwisha kijijini, sasa unawacheza ndege?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamkuu akamwonyesha shakwe mmoja wa madoadoa aliyekuwa akiburura mguu wa kushoto. Mwaka uliopita, alisema, huyu huyu alikuwa kahawia tupu. Wale wadogo wa miguu myekundu si ukoo wake, hata wazeeke vipi. Lakini wa kahawia, wa madoa na wale wakubwa weupe ni nyumba moja, wamepishana umri tu.

"Mwakani atarudi na kichwa cheupe na mgongo wa kijivu. Sumu yako ifungie mpaka hapo. Nikikosea, nakukabidhi ngoma yangu mbele ya wanawake wote, na sitamcheza mwali tena."

Ngoma ile aliachiwa na bibi yake. Kicheko kikakatika.

Mwaka ukazunguka, na wenye mabinti wakaanza kusitasita: kungwi aliyepotezwa na ndege, mwali atamweza? Vuli ikapita, shakwe wakaja makundi kwa makundi, wote wanatembea sawasawa. Mwanamkuu akawa hali akashiba. Mwinyimadi akawa anapita na kopo lake la sumu kwapani, akisalimia kwa adabu ya kuudhi.

Ijumaa moja watu wanatoka msikitini, akatua shakwe mmoja mkubwa. Kifua cheupe kama kanzu ya Idi, mgongo rangi ya wingu la mvua, weusi umebaki kidogo tu mkiani. Akakunja mbawa. Kisha akaelekea kwenye chanja, anaburura mguu wa kushoto.

Mwanamkuu alisimama na matumbo ya samaki mkononi, machozi yanamtoka, na ngoma yake alikwisha kuisahau kabisa. Alikuwa akiwaza huko alikokuwa ndege huyu: ni nchi gani, nani amemvua ile kahawia akamvika hii, na nani amemwonyesha njia ya kurudi kwenye chanja hii, katika dunia yote ya Mungu.

"Kumbe yupo kungwi wa kunishinda mimi," alinong'ona.

Mwinyimadi akaenda kulifukia kopo lake, akarudi, akavua kofia mbele ya Mwanamkuu. Na yule shakwe, wapwa zangu, akaidaka ile kofia kwa mdomo, akaruka nayo mpaka Tumbi, akaizunguka hospitali, akarudi akaivisha ngoma ya mama yenu mkubwa, halafu akakohoa, na kwa Kizaramo safi kabisa aka—

"We Maneno!" Mama yenu mkubwa huyo, ananikatiza toka uani. "Kofia Mwinyimadi kaivua mwenyewe, kaivaa mwenyewe. Na wewe siku ile si ulikuwa Kisarawe, unatafuta mke wa kukuvumilia?"