Sauti ya mzee wangu ilipochelewa

Leo nimemjibu marehemu mume wangu mbele ya watu, kwa duka la video River Road.

Nilipeleka VCD ya harusi ya kitinda mimba wetu ihamishwe kwa DVD. Sauti ya hiyo VCD huchelewa. Mle kwa picha mzee wangu anafunga mdomo, ananigeukia nilipokaa, ndipo inatoka: "Wanjiru, kuja ukae na mimi."

Nikasema, "Nakuja."

Wateja wakaniangalia. Sijali.

Fundi akasogeza sauti, ikashikana na mdomo. "Cucu," akaniita kama nyanya yake, "sasa iko sawa."

Haikuwa sawa. Sasa anaita akimwangalia mjukuu wetu, yule mdogo aliyepewa jina langu. Akinigeukia mimi, mdomo umefungwa.

Tangu nimzike nimekuwa nikiitwa na hii video. Kumbe si mimi.

"Rudisha vile ilikuwa."

"Lakini Cucu, hiyo ni makosa."

"Makosa ni yangu. Rudisha."

Wenye mtasema nimezeeka, semeni.

Wanjiru mdogo ndiye ananiandikia hapa, mimi sikusoma. Anataka ile iliyotengenezwa sauti. Nimemwambia aende kwa fundi aichukue, ni haki yake kuitwa na guka, babu yake.

Lakini asiiweke kwa TV nikiwa nyumbani.