Soja wa Geti Moja na Redio Zetu Mpya

Watu wengi niliowasimulia jambo hili wamecheka, na siwalaumu. Mimi pia ningecheka. Kazi yangu ni kutengeneza simu na redio. Kibanda changu kiko mtaa wa Kongo, hapa Kawangware, Nairobi, na redio nilizofungua siwezi kuzihesabu. Ndani huwa nakuta waya, betri, vumbi, siku nyingine mende. Sijawahi kukuta kitu kingine. Kwa hivyo nikikuambia haya yalinipata, tena jua likiwa bado linawaka, ujue nimetafuta kila njia ya kuyaeleza vingine nikakosa.

Lilianza na Nafula. Nafula ni mshonaji wa nguo kule kijiji cha Raila, Kibera, na kwenye laini yao ya nyumba yeye ndiye huitwa wa kwanza moto ukitokea. Moto wa mwisho ulimwuma sana. Kila mtu alikuwa akipiga simu kwa wakati mmoja na hakuna simu iliyoingia, na mama mmoja mzee alitolewa akiwa ameungua mikono yote miwili. Wiki hiyo Nafula alikuja kibandani kwangu.

"Fundi, nataka kitu cha kuongea bila network. Leo si kesho."

Nikamtafutia redio koli mbili za dijitali, zile za mkononi. Redio koli za zamani, za analogi, mtu akiwa mbali bado unamsikia kidogo, katikati ya makelele. Ya dijitali ni tofauti. Ama unamsikia mtu kama amekaa kando yako, ama humsikii kabisa. Shida ni kwamba zote hutumia chaneli zilezile chache za watu wote. Wahudumu wa kanisa wako hapo, watu wa mjengo wako hapo, masoja wa mageti wako hapo. Ukiongea kwa dijitali, mwenye analogi hapati neno hata moja. Anapata mngurumo tu, kama mahindi yanayomwagwa juu ya mabati.

"Sasa kama tutakuwa tunawapigia watu kelele masikioni," Nafula akasema, "si watatuchukia kabla hata moto uanze?"

Alisema kweli. Tukaamua kujaribu Jumapili alasiri. Yeye alipanda kwenye ngazi za ghorofa moja pale Raila na redio yake. Mimi nilipanda juu ya paa la ploti moja ya kupangisha Riruta Satellite, ambayo mwenyewe ni mteja wangu. Nilikuwa na redio ya pili ya dijitali, na kando yangu nikaweka redio kuukuu ya analogi, ili nisikie vile wengine watakavyotusikia.

Mwanzoni mambo yalikuwa poa. Sauti ya Nafula ilinifikia safi, hadi nikasikia mtoto akilia nyuma yake. Kila alipobonyeza, ile kuukuu ilinguruma. Mhudumu wa kanisa fulani akauliza, "Nani anatukaangia bisi hapa?" Nikabonyeza ya analogi nikamwomba msamaha, nikaandika kwenye karatasi: inasumbua.

Halafu ile kuukuu ikatoa sauti nyingine. Sauti ya mzee, ya mtu wa magharibi mwa Kenya kama mimi na Nafula, iliyotulia.

"Nafula, ongea polepole. Unameza maneno."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwuliza Nafula kama ameongea na mtu. Hapana. Nikamweleza. Akasema, "Fundi, wacha mchezo. Niko na nguo za watu za kumaliza."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya vile ningefanya na redio yoyote mbovu. Nilipima. Nikamwambia Nafula nitazima yangu dakika moja kamili, na yeye aseme kitu chochote ambacho mimi sikijui. Nikazima. Ile kuukuu ikanguruma, ikanyamaza. Kisha mzee akasema, "Anasema mama yake anaitwa Nasimiyu. Na anasema wewe ni mwongo."

Nikawasha. "Mama yako ni Nasimiyu. Na mimi ni mwongo."

Nafula akauliza, "Nani amekuambia jina la mama?"

Tukahamisha zile za dijitali hadi chaneli nyingine, ile kuukuu nikaiacha palepale ilipokuwa. Sasa haikunguruma hata kidogo, jinsi inavyotakiwa. Lakini kila Nafula alipomaliza kusema, mzee alinirudishia maneno yake neno kwa neno. Hata alipokohoa, mzee alisema, "Amekohoa."

Amini usiamini, sikuogopa. Nilikuwa na hamu kama ya mtoto. Hakuna redio ya analogi inayoweza kufanya hivyo. Nikabonyeza ile kuukuu nikauliza, "Mzee, uko wapi?"

"Niko geti moja. Mjengo wa mawe, umezungushiwa mabati ya kijani. Ukigeuka utaniona."

Nikageuka. Barabara mbili kutoka pale, mbele ya nyumba ya ghorofa isiyomalizika, mtu aliyekuwa amekaa aliinua mkono.

Mwenye akili angekunja vitu vyake akaenda nyumbani. Mimi nilimwambia Nafula, "Naenda kuona redio ya huyo mzee, pale penye mabati ya kijani. Nitashikilia kitufe ndio usikie."

Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe la mjengo, koti zito limefungwa hadi shingoni na jua lote lile. Viatu vyake havikuwa na kamba. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, wa mtu ambaye ungemwuliza njia. Nyasi zilikuwa zimeota chini ya geti hadi likawa haliwezi kufunguka, nami nililiona jambo hilo na sikulifikiria.

"Habari ya saa hizi, mzee."

"Mzuri. Umekuja kunibadilisha?"

"Hapana. Nimekuja kuona redio yako."

"Basi umekuja." Akaipapasa pale kifuani. "Hii inasikia kila kitu. Kazi ni kusikia tu. Nikiita base, kule ofisini, hakuna anayejibu. Waliniambia saa kumi na mbili atakuja mtu wa kunibadilisha."

"Saa kumi na mbili ya leo?"

 Ilionekana ni swali ambalo hakuwa ameulizwa. Kisha akaivua redio na kuninyooshea. "Nishikie kidogo, kijana wangu. Nikanyooshe miguu."

Nikaishika. Ilikuwa nyepesi mno. Nikaigeuza, na mahali pa betri hapakuwa na betri. Palikuwa na udongo mkavu na kiota cha nyigu. Nilipoinua kichwa kumwuliza, alikuwa ameshasimama. Nilisikia magoti yake yakilia.

"Geti ni lako," akasema, kisha akapita kwenye kona ya mabati.

Nikakaa juu ya lile jiwe. Hakuna aliyenilazimisha. Nilianza kusikia watu wote: wahudumu wa kanisa, wajenzi, mwanamume fulani akimtafuta mwenzake sokoni, na ndani ya kila mngurumo kulikuwa na maneno, wazi kama unavyonisikia mimi. Nilijua tu kwamba siwezi kutoka hapo hadi mtu aje kunibadilisha. Nilikumbuka mke wangu na watoto vile mtu anavyokumbuka habari aliyosoma kwenye gazeti la zamani. Kilichonitisha baadaye ni hicho: kwamba pale, nilikuwa nimeridhika.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Nafula. Kwa redio yake alinisikia nikisalimia, nikiuliza maswali na kungoja majibu, lakini sauti ya mzee hakuisikia hata mara moja. Nilikuwa nikiongea peke yangu. Halafu akanisikia nikisema, "Geti moja, sawa," kwa sauti ambayo haikuwa yangu, tena na tena. Alishuka ngazi akachukua boda hadi Satellite, akauliza watu mabati ya kijani yako wapi. Alinipata magharibi inaingia. Mimi nilidhani nimekaa dakika mbili.

Aliniita jina. Nikamjibu, "Geti moja, sawa." Akanyoosha mkono anipokonye ile redio, na mama anayeuza viazi karai upande wa pili wa barabara akamwita.

"Dada, usiiguse. Ukiishika utabaki wewe."

Nafula akavuka. Yule mama alimweleza bila kuacha kugeuza viazi vyake. Palikuwa na soja, mzee wa watu, mpole. Wenye mjengo wakashtakiana juu ya shamba, kazi ikasimama, na waliokuwa wamemwajiri wakafunga ofisi wakaenda. Kila mtu alidhani mwingine amemwambia. Mzee akangoja wa kumbadilisha, usiku wa kwanza, usiku wa pili, kipindi cha baridi. Asubuhi moja yule mama alipompelekea chai alimkuta amekaa vilevile, ameshafariki, redio mkononi.

"Hakuna aliyemwambia aende," mama akasema. "Hata mimi. Nilikuwa namwona tu."

Nafula ni mtu wa kufikiri haraka. Alirudi, akasimama hatua kumi kutoka kwangu, akainua redio yake ya dijitali.

"Geti moja, geti moja, hii ni base. Ova."

Ile redio isiyo na betri, mkononi mwangu, ikasema maneno hayo kwa sauti yake. Safi kabisa. Nikajibu, "Base, geti moja anasikia."

"Zamu yako imeisha." Nafula akasogea hatua moja mbele. "Imeisha kitambo. Ni sisi tulichelewa kukuambia. Pole sana, mzee. Weka redio chini uende nyumbani. Ova."

Mikono yangu ikaiweka ile redio juu ya jiwe. Mara nikahisi baridi, kiu, na mgongo uliokaa saa nyingi. Na nyuma ya mabati, sisi wawili pamoja tulisikia mtu akishusha pumzi ndefu, kisha hatua za viatu visivyofungwa zikienda polepole kuelekea barabarani. Hatukwenda kuangalia.

Nafula alininunulia viazi. Nilikula sahani tatu.

Redio zile zinafanya kazi Raila hadi leo. Tulikaa na wahudumu wa kanisa na watu wa mjengo tukagawana chaneli, na sasa hakuna anayemkaangia mwenzake bisi. Moto uliotokea baadaye uliishia kwenye nyumba mbili, kwa sababu watu waliambiwa mapema.

Lakini mimi sikutoka pale nilivyoingia. Redio ya analogi ikinguruma kibandani kwangu, mteja anasikia kelele, mimi nasikia watu wakiongea. Nafula amenijaribu mara nyingi na sijakosea. Daktari aliniangalia masikio akasema ni mazima. Siku hizi mtu akiniletea redio koli, natoa betri kwanza kabla hajaondoka, na naifanyia kazi hivyo. Na kila jioni, saa kumi na mbili ikifika, miguu yangu inataka nikae nikiangalia mlango. Mke wangu amezoea. Hunishika bega na kusema, "Umemaliza, kuja ule," ndipo naweza kusimama.

Basi nisikilize. Mtu usiyemjua akikuomba umshikie kitu kidogo, muulize kwanza anaenda wapi na anarudi saa ngapi, na akishindwa kujibu, weka mikono mfukoni. Na wewe uliye na mtu anayekulindia geti, ukifunga kazi au ukihama, usidhani mwingine atampelekea habari. Nenda mwenyewe, simama mbele yake, umwambie aende nyumbani.