Vitambaa vya Nyumba ya Panya

Pius alikuwa hodari wa kuvaa koti na kwenda kuomba kazi ambayo mtu mwingine ameshaianza. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya vizuri maishani mwake. Nyingine zote zilimshinda, na hata pale kiwanda cha kuchambua pamba kilipofungwa na wenzake wakatafuta la kufanya, yeye alikaa barazani kwake Mkolani mwaka mzima akiwaeleza wapita njia kwamba serikali imeuza nchi.

Mwaka huo aliyekuwa anamlisha ni mkewe, Getruda. Getruda alizaliwa Nansio, Ukerewe, na darasani hakukanyaga, maana baba yake aliona jembe halisomwi. Alipata kibarua kwenye nyumba moja ya utafiti nje ya mji, mahali walipofuga panya weupe. Watu wa mtaa walimcheka. Mji umejaa panya wa bure, walisema, halafu kuna watu wanawajengea wengine nyumba yenye feni! Getruda aliosha vizimba, akabadilisha pumba, akatega sikio wataalamu walipokuwa wakizungumza.

Aliyoyasikia yalikuwa haya. Nusu ya panya walilishwa mayai ya minyoo ya mbwa, nusu hawakulishwa. Minyoo ile ikitoka kwa mbwa na kuingia kwa panya haikui. Inatangatanga mwilini kama mgeni aliyekosa nyumba, mingine ikapanda hadi kwenye ubongo, ikajikunja humo na kukaa. Kisha panya walitiwa kwenye sanduku kubwa la mbao lenye vichochoro, wakatafute kipande cha dagaa. Panya mzima alijifunza njia upesi. Dagaa akihamishwa, alihangaika kidogo, akaipata njia mpya. Lakini wengi wa wale wenye minyoo walirudi kwenye kona ileile tupu, wakainusa, wakaondoka, wakarudi tena kuinusa. Wengine hata harufu ya paka haikuwashtua.

Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wote manyoya meupe, wote macho mekundu. Ukitaka kuona minyoo sharti umuue panya, upasue kichwa, uweke ubongo chini ya hadubini. Kwa hiyo vizimba viliwekwa kadi, na panya wakazitafuna kadi. Siku moja msimamizi alikuwa karibu kulia. Getruda, aliyekumbuka kila kizimba ni cha kundi lipi, akachana kanga yake kuukuu nyekundu na kipande cha kaniki, akafunga vitambaa juu kabisa, kwenye pembe za vizimba ambako meno hayafiki. Nyekundu kwa wenye minyoo, nyeusi kwa wazima. Msimamizi akasema, "Mama, umetuokoa." Kisha akastaafu, akaenda kwao na shukrani yake.

Ilipotangazwa ajira ya kudumu, Pius alivaa koti. Alimwambia bwana wa ofisini kwamba mkewe ni mgonjwa, tena hajui kusoma, tena anawaogopa panya. Akaweka saini yenye mikia. Jioni alimwambia Getruda, "Mama Odeta, nimekupumzisha." Odeta ni binti yao. Getruda alikuwa ameshika mwiko, na mpaka leo anajutia kwamba aliushika tu.

Mshahara ulipoanza kuingia, koti lilipata mwenziwe, kiatu, na kiatu kikampeleka mjini kwa mwanamke anayeitwa Precious, muuza mitumba, mwenye sauti ya kuita wateja hata akiwa kitandani. Pius alihama na sanduku la nguo. Ndani yake alitia vipande kadhaa vya kanga nyekundu na nusu ya kaniki, kwa sababu alikuwa amemwambia Daktari Ogweno, bosi mpya aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, kwamba ile akili ya vitambaa ni yake. Daktari, mtu wa Shirati, mrefu, mpole, asiyejua watu kama alivyojua minyoo, alimsifu mbele ya wageni.

Getruda akabaki na kikaango. Alichukua mapanki kwenye geti la kiwanda cha samaki, yale mafupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishapanda ndege kwenda kuliwa na wazungu. Aliyakaanga kando ya barabara, jirani na Roza, mjane mwenye ulimi usiolala.

Sasa sikia ujinga wa mtu mwenye saini. Pius alipata maradhi ambayo mwanamume hayasemi: kitandani kwa Precious alikuwa analala tu. Precious akamwongoza kwa mganga mmoja wa Kigongo, karibu na kivuko. Mganga akamuuliza habari za kazi yake, za mke wa kwanza, za nguo. Pius akamwaga yote, mpaka rangi za vitambaa. Mganga akafumba macho, akatetemeka kidogo, akamrudishia maneno yaleyale kama ufunuo. Nguo ya mwanamke uliyemtendea ubaya! Nyekundu na nyeusi! Na wewe mwenyewe unazifunga kila siku kwa mikono yako! Umejifunga, bwana. Zichome. Kisha viumbe wanaolinda uchawi huo uwabadilishe mahali, mmoja huku mmoja kule, wapotee njia wasimrudie aliyewatuma.

Pius alikwenda akachoma vitambaa vyote nyuma ya choo. Kisha akahamisha panya, wa huku kule, wa kule huku, akijikung'uta mabega kila mara. Alipomaliza alijisikia mwepesi. Alipiga mluzi mpaka alipokumbuka kwamba Daktari anarudi safarini kesho yake.

Kulipokucha alikuwa amesimama mbele ya kikaango cha Getruda, koti halina vifungo.

"Mama Odeta, habari za siku nyingi."

"Nyingi zenyewe unazijua wewe uliyezihesabu."

"Nina shida."

Roza akageuza panki kwenye mafuta. "Shida imekuja na miguu yake leo! Ikaribishe, Getruda, usiiache imesimama juani."

"Dada Roza, nazungumza na mke wangu."

"Aa, kumbe ana mume! Nami nilidhani huyu ni mteja anayeomba kukopa."

Pius alichuchumaa, akapunguza sauti, akaeleza. Alipofika kwa mganga, Getruda aliacha kugeuza samaki. Alipofika kwenye kuchanganya panya, aliepua kikaango kabisa, akakiweka chini.

"Wote?"

"Wote. Ndivyo alivyosema. Sasa wewe uliwalea wale, unawajua. Njoo na kile kipande cha kanga kilichobaki, ufunge kama zamani."

"Niliowalea mimi walishakufa, Baba Odeta. Hao ni wajukuu zao."

"Basi funga vyovyote! Daktari atajuaje?"

"Atawapasua."

"Eh?"

"Vichwa. Mwisho wa kazi huwa wanapasuliwa. Miaka yote uliyokaa mle ulidhani wanafugwa kwa ajili ya Krismasi?"

Roza alicheka mpaka akashika jiwe la jiko likamuunguza, akaendelea kucheka.

Pius alimshika Getruda mkono. "Nisaidie. Nikifukuzwa, yule mwanamke atanitoa nje. Nitarudi nyumbani, Mama Odeta. Nakuapia."

Hapo Getruda alimtazama vizuri. Alimwona jinsi alivyo, mtu anayetoa adhabu akaiita zawadi. Lakini aliona na jambo jingine. Ile kazi ilikuwa yake. Aliianza yeye, mikono yake ndiyo iliyonuka dawa za kuoshea vizimba wakati huyu anahesabu wapita njia. Kama Daktari atamfukuza Pius bila kujua lolote, atatafuta koti jingine. Sharti asikie leo, na asikie kutoka kwa Getruda mwenyewe.

"Twende," alisema. Akapita nyumbani, akatoka na kanga, ile iliyochanwa upande mmoja.

Njiani Pius alikuwa na furaha. Alimweleza hata namna watakavyogawana kazi: yeye atazungumza, Getruda afunge.

Daktari Ogweno walimkuta ameshaingia, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono kichwani, vizimba vyote vimemzunguka pembe zake tupu, hazina vitambaa.

"Shikamoo, daktari," alisema Pius.

"Pius. Vitambaa viko wapi?"

"Daktari, hapa pameingia mkono wa mtu. Huyu mwanamke..."

"Ndiyo," alisema Getruda. "Mimi ndiye mkono wenyewe. Vitambaa vilikuwa vyangu. Kanga hii hapa, tazama ilivyochanwa. Nilivifunga mimi wakati wewe uko Ulaya, na huyu alivichoma jana kwa sababu mganga amemwambia vinamzuia kupanda mlima wa muuza mitumba. Kisha akawachanganya panya."

Daktari alinyanyua uso polepole. "Pius, ni kweli?"

"Kuchanganya nimechanganya, daktari, lakini kwa nia njema."

Panya walikwaruza mbao.

"Kazi ya mwaka," Daktari alisema, kama anamwambia panya. Kisha akamgeukia Getruda na macho ya mtu anayezama. "Mama, unaweza kuwatambua?"

Neno "naweza" lilimfika ulimini. Angelisema, angepewa kiti. Lakini alifikiria vile vichwa vitakavyopasuliwa, na yeye akaonekana mwongo wa pili katika nyumba moja.

"Siwezi," alisema. "Wala wewe huwezi, mpaka uwapasue. Nimekuja kwa jambo moja. Nataka kazi yangu."

"Ajira ile inataka mtu anayejua kusoma, mama."

"Aliyejua kusoma ndiye huyo."

Daktari alimtazama Pius, aliyekuwa anafunga koti lisilo na vifungo. Hakucheka. Alisema tu, "Jumatatu njoo asubuhi, mama. Kuna panya wengi wa kupasua." Na kwa Pius alisema, "Wewe acha funguo."

Jumatatu walianza. Getruda aliwashika panya mmoja mmoja, akawanyamazisha, akaosha meza, na kila kichwa kilipofunguliwa alifunga kitambaa kwenye chupa yake: nyekundu, nyeusi, nyeusi, nyekundu. Mara moja Daktari alimwita aangalie kwenye hadubini. Aliona kitu chembamba kama uzi uliojikunja, kimekaa mahali pasipo pake kwa raha zote. "Nakifahamu," alisema, na Daktari akadhani anazungumzia minyoo. Mwisho wa wiki ofisini walimletea wino, akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi yenye jina lake.

Precious alifanya kama ilivyotarajiwa. Sanduku likawekwa nje, juu yake koti.

Pius alianza kuja Mkolani jioni. Alisimama uani, pembeni ya mlango, pale palipokuwa na stuli yake zamani, ambayo Getruda alikwishaichanja kuni. Alitazama pale chini, akaenda, akageuka, akarudi palepale.

"Mama Odeta, chakula hakijaiva?"

"Kimeiva."

Akangoja. Getruda akamwita binti yake aepue sufuria, wakaingia ndani, wakafunga mlango. Kupitia kwenye dirisha alimwona bado amesimama, akipatazama pale chini.

"Mama, baba ana nini?" Odeta aliuliza.

"Hana kitu. Wale panya walau walikuwa na minyoo," alisema Getruda, akamkatia ugali.