Uvimbe Mgeni kwenye Jicho la Mkwe

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha macho, huko bara, tabibu mkuu alinikabidhi tochi ya kutazamia nyuma ya jicho. "Kijana," akasema, "ukikuta uvimbe humo, usiseme saratani ukaishia hapo. Kuna mwenyeji na kuna mgeni. Mwenyeji kazaliwa humo humo. Mara nyingi ni mmoja, mweusi au kahawia, wa jicho moja. Mgeni huwa mweupe wa manjano, na hupenda kuja na wenzake, hata macho yote mawili. Huyo uliza katoka wapi. Kwa mwanamke, anza na titi."

Nilihamishiwa Mafia, nikaoa Jibondo, kisiwa cha jirani. Miaka ikapita, mama mkwe akaja na ukungu kwenye jicho la kushoto. Mtu na mkwewe hawakaziani macho, na kazi yetu hufanywa pua kwa pua. Nilimtia matone ya kupanua mboni, nikainama.

"Umenitazama mpaka ndani ya jicho, baba," akasema. "Utanitolea mkaja wa pili, kama ule ulionipa ulipomwoa binti yangu."

Tukacheka. Nyuma ya jicho palikuwa na uvimbe mmoja, bapa, rangi ya samli.

Nilijua swali lililofuata. Muuguzi wa kike alikuwa chumba cha pili, ningemwita aulize. Sikumwita. Hata kulituma swali lile niliona ni kumvunjia mkwe heshima. Nikajiambia ni mmoja tu, basi ni mwenyeji. Nikamwambia ugonjwa uko jichoni tu, aende Dar.

"Kwa jicho moja? Hili la pili lanitosha."

Sikumshikilia aende.

Ukungu ulipoingia jicho la kulia, nikaona madoa mawili ya rangi ile ile. Ndipo nikauliza, nikitazama sakafu. Titi lilikuwa limeshafanya kidonda.

"Nalijua tangu kabla ya jicho," alisema. "Nilingoja uniulize, baba. Ningeanzaje mimi, kwa mkwe wangu?"

Pengine nisingemponya, mgeni akishafika jichoni, ameshatembea mwilini. Lakini dawa ingemwahi, angewaona wajukuu zake kwa muda. Alikufa haoni.

Siku ya kuniaga kazini walisifu adabu yangu kwa wagonjwa. Vijana wa leo wana mashine za kupiga picha jicho zima, na picha haiulizi mtu kitu.

Mke wangu hajaniuliza mpaka leo kama nilijua tangu siku ile ya kwanza. Ana haya kama mama yake.