Binti Yangu Alipokwenda Shule

Binti yangu alifikisha miaka tisa bila kusema neno. Mguu wake mmoja ulikuwa dhaifu, na kelele zikizidi alijipiga kichwa kwa viganja. Shule ya msingi hapa Mushaki ilimpokea siku nne tu. Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe akanieleza kwa upole, "Mama, niko na watoto wengi mu darasa. Uyu wako sitamuweza."

Baadaye nikasikia kwamba Goma kuna shule ya bweni ya watoto wa namna yake. Nikambeba mgongoni kwa kitenge, mkubwa vile alivyokuwa, tukapanda pikipiki.

Mkuu wa shule, mama mwenye mvi, hakuuliza mtoto ana ugonjwa gani. Aliuliza, "Anapenda nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. "Anapenda kushika masikio ya ndama," nikajibu. Akaandika.

Nilimwacha huko, nikitegemea kumwona baada ya wiki tatu. Kisha vita vikafunga barabara ya Sake, ile tunayopita kwenda Goma. Wiki zikawa miezi. Nilikuwa nikisonga ugali wa watu wanne, hali nyumbani tumebaki watatu. Majirani waliniambia sasa nimepumzika. Asubuhi, saa niliyozoea kumvisha, mikono yangu ilikosa kazi.

Siku moja mwalimu wake wa Goma akapiga simu. "Mama, ongea naye. Nimemuwekea simu ku sikio."

Nikamwambia habari za mvua, za maharage, za ndama aliyezaliwa. Sikusikia kitu ila pumzi. Nikadhani amenisahau. Kisha sauti ya mwalimu ikatokea kwa mbali: "Anakatala kuiachia, Mama. Anaishika na mikono mbili."

Njia ilipofunguka nilikwenda kumchukua. Nilimkuta mezani na wenzake, anakula mwenyewe kwa kijiko, katikati ya kelele, na hajipigi. Aliponiona akaja akichechemea, akanilalia tumboni, tukakaa hivyo muda mrefu.

"Ukimurudisha sasa, atapoteza yote," mwalimu akasema. "Umuache mwaka uishe."

Nilimtazama mtoto, nikamtazama mwalimu. Nikakubali.

Nilirudi Mushaki peke yangu. Nilikuwa na furaha, na nililia njia nzima hadi Sake.